Marehemu wa Chungmuro

Tak Rim alikufa mara nyingi kuliko mwigizaji yeyote wa Seoul, na hakuna hata kifo kimoja alichokiigiza. Alikuwa picha. Katika zile filamu za wajane ambazo mji ulizipenda baada ya vita, kama wagonjwa wa wodi moja wanavyopenda kusimuliana maumivu, yeye ndiye aliyesimamishwa juu ya meza ya tambiko ndani ya fremu yenye utepe mweusi, huku mwigizaji wa kike akianguka kwenye mkeka na kulia. Mwigizaji yule alilipwa kwa kulia. Tak Rim alilipwa kwa kutokuwepo, na aliijivunia kazi hiyo kama daktari anavyojivunia upasuaji.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Tak Man-bok. Alilifupisha alipoona kwamba waigizaji wakubwa wana majina mafupi, na hilo likawa jambo pekee la waigizaji wakubwa aliloweza kuliiga.

Uso wake ulikuwa mzuri; hilo asinyimwe. Nyusi zilikaa sawa, taya lilikuwa imara, macho yalionekana yanawaza jambo. Matatizo yalianza uso huo ulipotakiwa kusogea. Mwaka 1955 mwongozaji Gu Bon-hyeok alimchukua aigize askari anayemuaga mkewe. Kamera ilipoanza kuzunguka, Tak Rim alivuta mashavu ndani kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha kinyozi, kisha akatembea kuelekea langoni kama sakafu imemwagiwa mafuta.

"Simama hapohapo," Gu alisema. "Usifanye kitu. Hata kupumua acha." Akamgeukia mpigapicha. "Mpige picha huyu. Tutamuua kabla filamu haijaanza."

Picha hiyo moja, iliyopigwa kwa suti ya kuazima, ilimlisha miaka mitatu. Aliifunga kwa kitambaa cha zambarau na kuibeba mwenyewe. Aliyeitaka picha ilibidi amwite na mwenye picha, ampe chakula cha mchana, na aandike jina lake pamoja na majina ya waigizaji. Waongozaji walilalamika, lakini walikubali. Watazamaji walikuwa wameshazoea kumlilia marehemu yule, na wakiuona uso wake tu walianza kutafuta leso. Kutafuta maiti mpya ni kazi.

Mara chache alipewa nafasi ya kusogea: polisi mlangoni, mhudumu mwenye sinia, mtu wa tatu katika foleni. Filamu zetu hupigwa bila sauti, na sauti hutiwa baadaye na watu wengine chumbani, kwa hiyo wengi wetu hatujawahi kusikia waigizaji tunaowapenda wanaongeaje. Waigizaji wengine husema maneno yao kwa sauti hata hivyo, ili uso upate uzito. Tak Rim alichezesha midomo tu.

"Kwa nini nipoteze pumzi?" alieleza. "Sauti yangu itatupwa. Nawaachia midomo, wao watie wanachotaka."

Kituo chake kilikuwa mgahawa wa kahawa wa Madamu Noh, katika kichochoro cha Chungmuro, mtaa wa watu wa filamu hapa Seoul, nyuma ya maduka ya kukodisha mavazi, ambako waigizaji wasio na kazi hukaa kutwa na kikombe kimoja wakisubiri kuitwa. Tak Rim alikaa dirishani, upande wa kushoto wa uso ukielekea mtaani. Hakuna aliyemwita kwa jina.

"Marehemu, kahawa yako inapoa," Madamu Noh angesema.

"Marehemu hawanywi moto, Madamu," fundi wa taa angedakia. "Mwekee uvumba pembeni, atashiba."

Watu wangecheka, na Tak Rim angetabasamu kidogo bila kugeuza uso. Aliamini kuwa wanamheshimu.

Aliwaambia watu kuwa hajaoa. Ukweli ni kwamba alikuwa na mke, Eum Sun-rye, na mama, katika kijiji cha Gamsil, safari ya basi kutoka Andong. Aliwaacha mwaka mmoja kabla ya vita, akidai anakwenda kutafuta kazi kwenye kinu cha mpunga na atamwita mkewe akishatulia. Vita vilipita juu ya Andong, vikarudi, vikapita tena. Wakati huo yeye alikuwa Busan, akibeba mapazia ya kundi la maigizo. Baada ya vita hakutuma salamu hata kwa mdomo wa mtu. Hakuwa mfungwa. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amepoteza kumbukumbu kama wale waume wa kwenye filamu. Alikuwa na shughuli zake.

Vuli ya mwaka 1956, sinema ya kutembea ilitundika turubai la kuonyeshea filamu kwenye soko la karibu na Gamsil. Mama yake Tak Rim, ambaye macho yake tayari yalikuwa na utando, aliketishwa mbele kabisa kwenye mkeka. Katikati ya filamu uso wa mwanawe ulitokea, mkubwa kama mlango wa ghala, na mbele yake wali, uvumba, na mwanamke anayelia.

Mama alisimama. "Man-bok!" alipiga kelele. "Man-bok wangu!"

Majirani walimvuta nguo aketi. Wakamwambia ni mchezo tu, mama, ni watu wa mjini wanaigiza.

"Mchezo?" aliwauliza. "Ni nani atakayewasha uvumba mbele ya picha ya mtu aliye hai?"

Gamsil hakuna anayeweza kuweka uso wa mtu aliye hai kwenye meza ya tambiko hata kwa utani. Ni sawa na kumchimbia kaburi akiwa anakutazama. Hawakujua kuwa Chungmuro tunafanya hivyo kila wiki, halafu tunakwenda kula. Walipofika nyumbani, ukoo wote ulikuwa umekubaliana kuwa Man-bok alikufa. Na kwa kuwa siku ya kifo haikujulikana, wakampa siku ambayo hupewa wafu wa namna hiyo: tarehe tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya mwezi.

Sun-rye peke yake ndiye aliyetazama mavazi. "Man-bok hakuwahi kuwa na suti," alisema miaka baadaye. "Na mtu aliyekufa vitani hapigwi picha akiwa amenona hivyo. Nilijua yuko hai. Nikanyamaza."

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Hakuwa na mtoto. Baba mdogo wa mumewe, Tak Se-hwan, alikuwa ameanza kusema wazi kwamba mwanamke tasa ambaye mumewe hajulikani alipo arudishwe kwao, na nyumba ikae mikononi mwa wenye damu. Kifo kilibadilisha mambo. Mtoto wa kwanza wa kiume akifa bila mwana, ukoo humpa mwana, ili tambiko zisikatike. Marehemu alipewa mpwa wa miaka kumi na tisa, In-gyu, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. In-gyu akawa mrithi wa nyumba, Sun-rye akawa mama wa mrithi, na mama wa mrithi hatolewi na mtu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, aliketi kwenye chumba cha ndani bila kusikiliza nani anakuja.

Yote hayo yalisimama juu ya jambo moja: Tak Man-bok asionekane akitembea.

Mwanzoni mwa mwaka 1958, Gu Bon-hyeok aliamua kuwa watazamaji wamechoka kulia na sasa walie kwa furaha. Akaandaa filamu ambayo mume anayedhaniwa amekufa anarudi nyumbani na kukuta meza ya tambiko lake mwenyewe. Mtu akamwambia: kwa nini usimtumie Marehemu? Nchi nzima inajua amekufa. Magazeti yalilipenda wazo hilo, na moja likachapa uso wa Tak Rim chini ya kichwa cha habari kinachosema kwamba Marehemu wa Chungmuro anafufuka. Gazeti hilo lilifika soko la Andong na likafungiwa samaki wa chumvi. Sun-rye alinunua samaki huyo kwa ajili ya mama mkwe wake.

Aliingia kwenye mgahawa wa Madamu Noh asubuhi, na furushi mkononi na vumbi la treni kwenye pindo la sketi. Wote walidhani anatafuta kazi ya kupita nyuma ya waigizaji.

"Wanaotafuta kazi wanaandikishwa ofisi ya mbele, dada," Madamu Noh alimwambia.

"Sitafuti kazi. Natafuta mtu aliyekufa."

Mgahawa mzima uligeuka dirishani. "Marehemu!" fundi wa taa aliita. "Amka, umepata mgeni!"

Tak Rim alimtambua mkewe taratibu, kama mtu anayekumbuka deni. Alitazama kwanza ni nani wanaowasikiliza. Hakumwagizia hata maji.

"Umekonda," alisema.

"Wewe hujakonda. Wafu hawakondi." Sun-rye aliketi bila kukaribishwa na kumweleza yote kwa sauti ya chini: sinema, mama, uvumba, In-gyu, baba mdogo Se-hwan. Alipofika kwenye tambiko, Tak Rim alimkatiza.

"Mnanifanyia mimi?"

"Kila mwaka."

"Mnaweka nini mezani?"

Sun-rye alimkodolea macho. "Wali. Mchuzi. Matunda makavu. Samaki."

"Samaki mzima?"

"Mzima."

"Wanakuja wengi?"

"Ukoo wote."

"Na mama analia?"

"Analia."

Tak Rim aliinama mbele. "Analiaje? Analia kwa sauti, au ni yale machozi ya kimyakimya?"

"Analia kama mama aliyefiwa, wewe mtu. Utaliaje mwenyewe siku akisikia ulikuwa hapa unakunywa kahawa?" Sun-rye alishusha pumzi. "Sikuja kukudai. Sitaki urudi, sitaki unitunze. Nataka kitu kimoja. Usifufuke. Hiyo filamu itafika kule sokoni. Wakikuona unatembea, In-gyu anarudishwa kwa baba yake, na mimi Se-hwan ananitoa kabla ya theluji. Una picha yako. Endelea kuwa picha."

"Sun-rye, hii ni sanaa. Nimesubiri miaka tisa."

"Na mimi nimesubiri mingapi?"

Alimwambia atafikiri. Kisha akamuuliza kama, akitazama vizuri, upande wa kushoto bado ndio ulio bora. Sun-rye alibeba furushi lake akaondoka.

Hakufikiri. Siku ya kupiga filamu alifika mapema kuliko wabeba taa. Nywele zilikuwa zimepakwa mafuta hadi zikang'aa, jambo la ajabu kwa mtu anayetakiwa kuwa ametoka kambi ya mateka kwa miguu. Tendo lilikuwa jepesi: asukume lango, aone picha yake juu ya meza, mkewe ageuke, naye aseme, "Nimerudi."

Alisukuma lango. Akavuta mashavu ndani. Akasimama katikati ya ua, kidevu juu, upande wa kushoto mbele, akatulia.

"Kata!" Gu alisema. "Unafanya nini?"

"Nimerudi."

"Umeingia kama kabati linaloletwa na wapagazi. Ingia kama mtu aliyetembea miaka mitatu."

Wakarudia. Safari hii alichechemea, lakini mguu wa kuchechemea ulibadilika njiani. Wakarudia tena. Ukanda wa filamu ulinunuliwa vipande vipande kwa watu waliouchomoa kwenye kambi za Wamarekani, na kila Tak Rim alipolifungua lango, mfadhili wa filamu aliyekuwa ameketi pembeni alihesabu hasara kwa vidole. Mwigizaji mkuu, Pi Yeon-suk, aliyetakiwa kuzimia kwa furaha, alizimia kwa kicheko.

"Nisamehe, mwongozaji," alisema akifuta macho. "Kila nikigeuka naona picha mbili. Ile ya mezani ina uhai zaidi."

Gu alivua kofia. "Tak Rim," alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "kufa tena."

Jioni hiyohiyo hadithi ilibadilishwa. Anayesukuma lango ni rafiki wa mume, mgeni kabisa, ameleta saa ya marehemu na habari za kifo chake. Tak Rim alirudi kwenye fremu. Hakupewa chakula cha jioni.

Mtu mwingine angekaa kimya. Yeye alirudi mgahawani siku ya pili na kutangaza kuwa amekataa nafasi ile.

"Kuna mwanamke kijijini," alisema akitazama mtaani. "Heshima yake iko mikononi mwangu. Nikamwambia Gu: siwezi. Sanaa ni kubwa, lakini mtu ni mkubwa zaidi."

"Kunywa kahawa yako, Marehemu," Madamu Noh alisema. Wabeba taa walikuwa wamekwisha kumsimulia kila kitu kuhusu kabati.

Lakini wageni wasiojua waliisikia hadithi ya kujitoa kwake na kuisifu, na kila alivyoisimulia aliipamba. Kufikia kiangazi kulikuwa na machozi ya Gu ndani yake. Kufikia vuli aliiamini kabisa.

Filamu ilifika soko la Gamsil mwishoni mwa mwezi wa nane. Sun-rye hakuwa amepata habari yoyote. Alimpeleka mama mkwe wake kwa sababu mzee alikataa kubaki, akaketi kando yake mbele ya turubai. Nyuma yao alikuwa Se-hwan na wanawe. Lango la kwenye filamu lilipoanza kufunguka, alishika ukingo wa mkeka kwa mikono yote miwili. Akaingia mwanaume asiyemjua, ameshika saa. Sun-rye aliinamisha kichwa hadi magotini, na wanawake wa jirani wakampigapiga mgongo, wakisema maskini, bado anamlilia.

Mambo yangeishia hapo, ingetosha. Lakini Tak Rim aliona kwamba mtu aliyejitoa kwa kiwango hicho anastahili kushukuriwa ana kwa ana. Akapanda treni, kisha basi, na picha yake ndani ya kitambaa cha zambarau, awape waiweke mezani. Kabla ya kuondoka alihakikisha ametengeneza nakala. Alichagua siku yake mwenyewe, tarehe tisa ya mwezi wa tisa, kwa sababu alitaka kuona watu ni wangapi.

Alifika wakati wanaume wa ukoo wamemaliza kwake na kwenda nyumba ya pili, maana siku hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba. Lango lilikuwa wazi kidogo. Alilisukuma.

Meza ilikuwa bado haijaondolewa. Hapakuwa na picha juu yake. Gamsil hawaweki picha. Huweka karatasi yenye jina, na karatasi ilikuwa imekwisha kuchomwa. Mama yake alikuwa ameketi barazani akichambua maharage kwa vidole. Sun-rye alitoka jikoni na sinia, akamwona, akasimama.

"Nani huyo?" mama aliuliza, akielekeza uso upande wa lango. Macho yake sasa yaliona mwanga tu. Ili amwone mwanawe, ilibidi awe mkubwa kama mlango wa ghala.

Tak Rim alijiweka sawa. Alivuta mashavu ndani, akainua kidevu. Hili ndilo tendo lilelile, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusema kata. Neno moja tu, na Sun-rye asingekuwa na nyumba ifikapo jioni. Alifungua mdomo. Midomo ilicheza vizuri kabisa, kama ilivyozoea, na haikutoka sauti yoyote. Akasubiri. Miaka yote ile sauti ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

"Ni nani?" mama alirudia.

Sun-rye alikuwa anaitazama ile midomo. "Ni mpita njia, mama," alisema. "Anauza picha. Anasema ana njaa."

"Basi mpe chakula. Siku kama ya leo hatumfukuzi mtu."

Sun-rye alimketisha nje ya lango, akamletea wali na mchuzi na kipande cha samaki kutoka kwenye meza ya tambiko. Alisimama mbele yake na mkono kwenye mlango mpaka alipomaliza. Tak Rim alikula chakula chake cha marehemu chote, akalamba kijiko. Hapo ndipo sauti ilipomrudia, na ilikuwa ya chini, ya mtu anayeomba.

"Samaki ameisha?"

Alimwongezea. Kisha akachukua furushi la zambarau kwenye mapaja yake, akaingia ndani na kutia komeo.

Tak Rim bado anakaa dirishani kwa Madamu Noh. Akiulizwa kuhusu safari ile, husema kwamba tambiko lilikuwa zuri, ila watu hawakuwa wengi kama alivyoambiwa, na kwamba samaki alikuwa mkubwa. Picha iko Gamsil. In-gyu hakuruhusu ikae mezani, kwa kuwa si desturi, kwa hiyo mama anayo chumbani mwake. Hupapasa kioo chake kwa kidole asubuhi na kumuuliza mkaza mwanawe kama Man-bok anaonekana mzima.

"Mzima, mama," Sun-rye hujibu. "Hajabadilika hata kidogo."